Chumba cha Mtoto

Riziki alishika simu ya mumewe mbele ya runinga mpya. Simu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasha na kuzima taa zote za nyumba, na sasa ilitaka kujua runinga imewekwa chumba gani.

"Mbaruku, inauliza chumba," alipaza sauti.

"Chagua sebule, basi," mumewe alijibu kutoka bafuni, maji yakimwagika.

Riziki akashuka na orodha. Sebule. Jikoni. Chumba cha kulala. Chumba cha mtoto.

Akadhani amesoma vibaya, akarudia. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yao, hakuna aliyewahi kumwita mama fulani. Labda ni jina lililokuja na mfumo wenyewe. Chini ya jina hilo paliorodheshwa taa moja, akaigusa.

"Imewaka," simu ikaandika.

Akazunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba. Hakuona taa iliyowaka.

Aliporudi sebuleni, simu ikaandika, "Imezimwa."

Yeye hakuwa amegusa kitu. Bafuni, maji yalikuwa bado yanamwagika.

Riziki akaketi, akaiwasha tena taa ile, akangoja aliyeko huko aizime.