Shikamoo ya Mama

Siku hizi umri wa mtu hausomwi kwenye cheti cha kuzaliwa. Unasomwa kwenye vinasaba, kwa tone la damu, na maamkizi yanafuata majibu.

Mama yangu ni mtu wa kukimbia. Kila alfajiri hupanda mlima hadi fulana iloe jasho, na chembe zake zimegoma kuzeeka. Mimi nina Lusajo, mume wangu, asiyeinuka kitandani. Namlisha kwa kijiko, namgeuza, nakaa. Jana zahanati ilinipima: nimempita mama umri kwa miaka mitano.

Leo asubuhi alirudi kutoka mlimani, matope hadi magotini. Nikainama, bakuli la uji wa Lusajo mkononi, kumwamkia kama nilivyozoea tangu utoto. Akanizuia. Akapiga magoti yeye, pale pale mlangoni, majirani wakiona.

"Shikamoo, Atuganile."

"Mama, inuka! Usinitie laana."

"Itikia, mwanangu. Ndiyo sheria."

Niliitikia. Nilisema marahaba huku nikimshika bega ainuke. Hakuinuka mara moja; aliutazama uso wangu kana kwamba hajawahi kuuona.

Kisha akavua viatu vyake, akavisogeza miguuni pangu, akanipokonya bakuli la uji.

"Lusajo nitamlisha mimi. Nenda kakimbie. Sitaki kukuzika."

Nilivivaa. Bado vilikuwa na joto la miguu yake. Nilifika langoni tu nikaishiwa pumzi, na sikuthubutu kugeuka, maana nilijua anatazama.