Kidole cha Mhariri

Siku hizi huwezi kuhariri ensaiklopidia ya umma mpaka uweke kidole kwenye kioo chake kinachopima mapigo ya moyo. Moyo ukishtuka kidogo tu, ukurasa unafungwa, maana umeshaonyesha una upande. Wiki iliyopita Mwanaarusi alikataliwa kuhariri makala ya matunda ya shokishoki kwa sababu anayapenda mno.

Leo mumewe, Athumani, mpiga fidla maarufu wa Tanga, alirudi amenuna. Makala inayomhusu inasema anapiga zumari.

“Mama Nassoro, hebu nisahihishie.”

“Mimi mkeo, itanikubalia vipi?”

“Wewe jaribu tu.”

Aliweka kidole ili kumridhisha, huku akicheka. Ukurasa ukafunguka. *Karibu. Huna upande katika jambo hili.*

Mwanaarusi akakitoa kidole, akakifuta kwenye kanga, akakirudisha. Ukafunguka tena. Akajaribu kidole cha mkono wa pili, akijilazimisha kuikumbuka siku ya harusi yao. Ukafunguka vilevile.

“Vipi?” Athumani aliuliza kutoka jikoni, alikokuwa akimmenyea shokishoki.

“Imekataa,” alisema, akikifunika kioo kwa kanga.

“Nilijua tu,” akasema Athumani kwa raha, akamletea bakuli.