Nyama ya Bosi

Katika nchi aliyohamia Tunu, bosi humkaribisha mfanyakazi mpya kwa nyama iliyooteshwa maabarani kutokana na mwili wa bosi mwenyewe.

"Hii ni ya paja langu," Bwana Halvard alimwambia siku ya kwanza kazini, akimkabidhi pakiti kwa tabasamu. "Karibu sana."

Jioni, nyumbani, Tunu aliificha kwenye friji, akaenda kuoga, akajisugua mikono hadi ikamuwasha. Alipotoka, nyumba nzima ilinukia kitunguu.

"Mke wangu, umepata wapi nyama laini hivi?" Shomari, mumewe, aliuliza huku akilamba vidole.

Tunu alikimbilia chooni akatapika. Aliporudi akamweleza yote.

Shomari aliisukuma sahani, akatema mate. Kisha, bila kumtazama mkewe, akaivuta tena karibu.