Kitabu cha Mkunga

Hakuwa na nakala ya akiba. Hakuwa na nenosiri la zamani, wala ile diski iliyokuja na printa. Hakuwa na rafiki hata mmoja anayejua kompyuta. Zaidi ya yote, hakuwa na uso wa kumwambia mkewe.

Mfumo mpya wa kompyuta aliuweka mwenyewe asubuhi ile, mkewe alipokwenda sokoni. Alitaka kumfurahisha. Kompyuta yao ilikuwa inakwenda kwa kujikokota, naye alisoma gazetini kwamba mfumo mpya huirudishia mashine kuukuu ujana wake. Kweli, ilirudi ujanani. Ilifunguka kufumba na kufumbua, ikaonyesha picha ya mlima wenye theluji, ikaanza hata kuandika Kiswahili. Ila folda ya mkewe haikuwapo, na kitabu alichokuwa akikiandika kilikuwa humo.

Akabofya hapa, akabofya pale. Kila mara kikatokea kisanduku kilekile: *Kosa limetokea. Jaribu tena.*

"Najua," aliiambia kompyuta.

Mkewe alikuwa mkunga. Siku ya kuagwa kazini alisimulia visa vya wodini hadi watu wakashika mbavu, na mhariri mmoja wa vitabu aliyekuwa ukumbini akamwomba aviandike. Miaka minne sasa, kila alasiri, alijifungia na kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Mwandishi, na jina hilo lilimnyoosha mgongo. Mhariri aliutaka muswada mwisho wa mwezi, yaani wiki hii. Mumewe alizoea kupita mlangoni pake kwa kunyata, akisikia kipanya kikilia tik, tik, huku akijivuna kimoyomoyo.

Yeye alikuwa mtunza ghala mstaafu. Maisha yake yote ya kazi hakupoteza hata msumari. Hakuwa na jambo jingine la kujisifia duniani.

Mkewe aliporudi, mzee alimpokea kikapu.

"Mke wangu, keti kwanza."

"Nani kafa?"

"Kitabu."

Mkewe alikaa. "Chote?"

"Chote."

"Na karata zangu?"

"Karata gani?"

"Ule mchezo wa mle ndani. Wa kupumzisha akili."

"Nao umekwenda."

"Basi, mzee wangu. Mashine ni mashine. Usijisumbue kutafuta."

Angemfokea, angepata nafuu.

Dada yake ndiye aliyefoka kwa niaba ya wote. Alikuja kesho yake, hata viatu hakuvua. "Kaka! Kazi ya miaka minne umeimaliza kwa kidole kimoja? Wewe uliyekuwa ukituhesabia vijiko nyumbani?"

"Mwache kaka yako, wifi," alisema mkewe haraka.

"Nimwache? Mimi nimeshawatangazia watu kazini! Nimeshashona na nguo ya uzinduzi!"

Mkewe aliinama, akaokota uzi sakafuni ambao mumewe hakuuona.

Mchana huo mzee alimleta fundi kutoka duka la kompyuta, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba. Fundi akairudisha sauti ya mashine, akaipatanisha printa na mfumo mpya, akahangaika na barua pepe iliyogoma kabisa.

"Faili hazifi hivihivi, mzee," alisema. "Mfumo mpya ukiingia, vya zamani husukumwa stoo."

"Stoo!" Mzee alisogeza kiti. Hapo sasa waliongea lugha moja.

"Fundi, una kazi nyingi dukani," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Usipoteze muda wako hapa."

"Nimemaliza, mama. Nimeiachia itafute yenyewe. Ikilia, mzee atazame."

Fundi akaenda zake. Mzee akabaki ameikodolea macho skrini, mikono magotini, kama mtu anayengoja majibu ya vipimo. Alijiapiza: kikipatikana, hataigusa tena mashine ile, hata kuifuta vumbi.

Kompyuta ikalia. Akaiweka miwani sawa, akabofya, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Umeona nini?" Mkewe alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, mikono iliyopokea watoto wa nusu ya mtaa.

Mzee aligeuka, akamtazama.

"Hakuna kitu, mke wangu."

Mkewe alishusha pumzi ndefu. "Sasa mhariri nitamwambia nini?"

"Nitamwandikia mimi. Kosa ni langu."

"Na watu?"

"Watu nao nitawaambia mimi."

Mkewe akaenda kubandika chai. Baada ya kitambo, mzee alimsikia akiimba jikoni, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa miaka.

Barua aliiandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa ghalani, kila herufi imesimama wima: "Ndugu Mhariri, muswada wa mke wangu ulikuwa umekamilika, nao ulikuwa mnene na mzuri. Mimi, mtunza ghala mstaafu, nimeupoteza kwa uzembe wangu. Yeye hana kosa lolote."

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Kisha akairudia kompyuta. Faili ilikuwa bado wazi: jina la kitabu, jina la mkewe, *Sura ya Kwanza*, na chini yake weupe mtupu wa miaka minne.

Akabofya Futa. *Una uhakika?* Alikuwa na uhakika. Akalamba bahasha, akaifunga, akaipeleka posta mwenyewe.