Mguu wa Baba

Kazi ya binti ilikuwa kuandaa faharasa za vitabu vya historia, vile vinavyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida: kila jina mwishoni, na ukurasa wake. Kwenye kitabu cha mgomo wa reli, ukurasa wa mia mbili na kumi, alikutana na jina la marehemu baba yake.

Nyumbani walijua mzee alivunjwa mguu na polisi kwa kuongoza mgomo ule. Kitabu kilisema alivunjwa na wagomaji wenzake, walipogundua kwamba ndiye aliyekuwa akiwachongea kwa polisi.

Mkongojo wake ulikuwa bado umening'inia ukutani, kishikio kimelika kwa kiganja chake. Wajukuu walikatazwa hata kuugusa.

Mama akachungulia mlangoni. "Baba yako yumo humo?"

Kila siku aliuliza hivyo, na binti alidhani ni kwa fahari.

"Yumo, mama."

Mama akaingia, akafunga mlango taratibu, akauegemea kwa mgongo.

"Wameandika ni nani aliyemvunja mguu?"