Shanga ya Tatu

Katika mji ule wanawake wengi walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Likikua, kidani kiliongezwa shanga, maisha yakaendelea. Sekela alikuwa akimwongezea bintiye Tumpe shanga ya tatu tangu mavuno, vidole vyake vikagusa kitu kigumu kama kokwa.

"Linauma?"

"Haliumi, mama. Kwani la bibi liliuma?"

"La bibi yako lilikuwa laini, mwanangu. Hili gumu, tena limekua upesi mno. Kesho tunakwenda hospitali."

"Watanipasua wanitie kovu, nami ndo naolewa."

"Basi utaolewa na kovu lako, mrembo wangu."

Sekela akaukata uzi. Shanga zikatawanyika mkekani, na kiganja chake kikabaki shingoni mwa mwanawe.