Kiti cha Mtu wa Nyumbani

Katika chumba cha mapumziko cha marubani, swali la kwanza kila asubuhi ni moja: "Leo umekuja na nani?" Sheria haina mzaha. Ndege hairuki mpaka mtu wa nyumbani kwa rubani akae kiti cha mbele, abiria wote wamwone na waamini kuwa rubani atatua salama.

"Na mama mkwe," alijibu Kapteni Mwaipopo, na wenzake wakaangua kicheko. Abiria wakimwona mkwe hukaza mikanda kabla hawajaambiwa.

Kapteni Sekela alikuja na Tumpe, binti yake wa pekee, gauni limenyooshwa pasi, kichwa juu. Hakuna rubani aliyependwa na abiria kama yeye, na alilijua hilo.

Ndani ya ndege Tumpe alisimama akawapungia watu. Wakapiga makofi, wakaegemea viti, wengine wakaanza kusinzia hata kabla ya kuruka. Kifua cha mama yake kikajaa.

Tumpe akachungulia kwenye chumba cha rubani. "Mama, wao wananitazama mimi. Mimi nikiogopa nimtazame nani?"

"Nitazame mimi, mwanangu," Sekela alisema kwa fahari, kisha akaufunga mlango, kama kazi inavyotaka.